Kijiji Kisicho na Mto: Historia ya Maji na Korosho katika Uwanda wa Makonde

Uwanda wa Makonde uko kusini-mashariki kabisa mwa Tanzania, kati ya mto Lukuledi upande wa kaskazini na mto Ruvuma upande wa kusini. Umelala kama meza iliyofupishwa miguu ya upande mmoja. Magharibi, ulipo mji wa Newala, umeinuka hadi kukaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari katika sehemu zake za juu kabisa; kutoka hapo unashuka taratibu kuelekea mashariki mpaka unapotelea karibu na pwani. Ukingo wake wa magharibi ni genge. Mtu akisimama mahali paitwapo Shimo la Mungu, hapo Newala, ardhi humkatikia miguuni na bonde likafunguka chini yake. Juu ya uwanda huo vimesambaa vijiji vingi: Mnyambe, Mkunya, Mahuta, Luagala na vingine mamia. Vinatofautiana kwa ukubwa na umri, lakini vyote vimekaa mbali na mto, kwa sababu huko juu mto haupo.

Mvua yenyewe si haba. Hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hukaribia milimita 1,000, kiasi ambacho wakulima wa Dodoma wangekionea wivu. Tatizo ni udongo. Uwanda umejengwa kwa mchanga na mawe laini ya mchanga yenye kina kirefu, na maji ya mvua hupenya chini kabla hayajapata nafasi ya kutiririka. Huzama mpaka yanapokutana na tabaka lisilopitisha maji, kisha hutokea kama chemchemi chini ya magenge na katika mabonde yaliyochimbika pembezoni. Hivyo maji ya Newala yapo, ila yako mamia ya mita chini ya vichwa vya watu wanaoyahitaji.

Simulizi ya asili ya Wamakonde haioni jambo hilo kuwa bahati mbaya. Husimuliwa kwamba mtu mmoja aliyeishi porini peke yake alichonga umbo la mwanamke kwa mti, na kulipopambazuka akalikuta ni mwanamke hai. Wakashuka kuishi bondeni kando ya Ruvuma. Mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia bonde jingine. Wa pili naye akazaliwa mfu. Walipopanda kwenye vichaka vya juu, upande wa Mahuta, wa tatu akazaliwa akaishi, na kizazi chake kikausiwa kutojenga kando ya maji makubwa. Msimulizi wa leo anaweza kuongeza kwamba mabondeni kuna mbu na malale, na kwamba wazee waliyajua magonjwa hayo kwa makaburi yake kabla ya daktari kuyapa majina.

Karne ya 19 iliongeza sababu nyingine, nayo ilikuwa kali zaidi. Njia za misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa zilipita kusini hii zikielekea Kilwa, Lindi na Mikindani. David Livingstone alipofika Mikindani mwaka 1866 na kuufuata Ruvuma kwenda bara, alikuta nchi iliyokwisha kuumizwa na biashara hiyo. Kutoka Songea walikuja Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wakivamia vijiji kutafuta mateka na chakula. Katika nchi ya namna hiyo, kichaka kinene kisicho na maji kilikuwa ngome. Jeshi la wavamizi lilihitaji kunywa, na huko juu halikujua maji yalipo. Wenyeji waliishi ndani ya kichaka hicho, wakiingia na kutoka kwa vijia vyembamba.

Makazi yao hayakuwa na mfalme wala mji mkuu. Ukoo, unaoitwa litawa, ulihesabiwa kwa upande wa mama. Eneo la makazi liliitwa chirambo, na aliyelitangulia kulifyeka, au mrithi wake, ndiye aliyekuwa mkulungwa: mgawaji wa ardhi, msuluhishi wa magomvi na mwenye kuongoza matambiko. Kila chirambo kilijitegemea. Watu walifyeka kichaka, wakachoma, wakapanda mtama, mahindi, kunde, njugu mawe na muhogo, na ardhi ilipochoka wakaiacha irudie kichaka na kuhamia kipande kingine. Mwaka wa njaa walichimba ming'oko, viazi mwitu vyembamba vya porini ambavyo mpaka leo huuzwa kwa mafungu katika masoko ya Mtwara na Lindi, sasa kama kitafunwa cha kuburudika.

Gharama ya usalama huo waliilipa wanawake. Kuteka maji kulikuwa kazi yao na ya mabinti zao. Walishuka genge alfajiri, wakasubiri chemchemi ijaze, wakapanda tena na mtungi kichwani. Kiangazi kilipokolea, chemchemi za karibu zilipungua na safari ikala sehemu kubwa ya siku. Maji yaliyopatikana kwa jasho la namna hiyo hayakuogewa hovyo. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig aliyekaa Newala na Mahuta mwaka 1906 akiwa na kinasa sauti na kamera ya sinema, ameacha maelezo marefu ya maisha ya uwanda huu, na uhaba wa maji umo ndani yake kama jambo lililopanga kila kitu kingine. Kwa wenyeji haikuwa habari mpya.

Wamisionari walifika karibu na uwanda kabla ya serikali yoyote ya Kizungu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao, pande za Ziwa Nyasa. Waliishia Masasi, kwenye nchi tambarare yenye milima ya mawe na chemchemi, magharibi ya uwanda. Wakaona panatosha, wakajenga. Kijiji cha Masasi kilianzishwa hivyo na watu ambao wengi wao hawakuwa wenyeji wa Masasi. Mwaka 1882 Magwangwara walikivamia, wakaua na kuchukua mateka. Baada ya pigo hilo Chauncy Maples, mkuu wa kituo, alihamia Newala kwa Matola, mkuu wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa misheni. Wale waliookoka Masasi walikimbilia palepale ambapo Wamakonde walikuwa wamekimbilia miaka mingi kabla yao: juu. Katika Chitangali, kwa mkuu mwingine wa Kiyao aliyeitwa Nakaam, alitumwa Cecil Majaliwa, mtoto aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Unguja. Mwaka 1890 Majaliwa akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, na kwa miaka kadhaa aliongoza kazi huko akiwa mbali na usimamizi wa Mzungu yeyote.

Si kila mkuu wa Kiyao aliwapokea wageni. Machemba, aliyekuwa na makao Luagala katikati ya uwanda, alikuwa na wafuasi wa makabila mbalimbali, bunduki, na biashara ya kupeleka bidhaa pwani. Wajerumani walipojitangaza kuwa wenye nchi, kamanda wao Hermann von Wissmann alimtaka aje kujisalimisha. Mwaka 1890 Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili ambayo imenusurika hadi leo: hakuona sababu ya kumtii, alikuwa tayari kwa urafiki na kwa biashara, ila si kuwa raia wa mtu. Barua hiyo inastahili kusomwa shuleni kuliko nyingi zinazosomwa, maana ni hoja iliyopangwa ya mtu anayejua haki yake. Aliwasumbua Wajerumani kwa karibu miaka kumi. Kichaka kilimsaidia kama kilivyowasaidia wengine kabla yake, na ni mwaka 1899 tu ndipo kikosi kikubwa kilipoiteka Luagala, naye akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Baada ya Machemba kodi ya kibanda ilikusanywa uwandani kwa nguvu zaidi. Fedha ya kuilipa ilitokana na mpira wa porini, uliogemwa kwenye mitambaazi ya vichakani na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa Lindi na Mikindani, au ilitokana na kazi za mashambani pwani. Vita vya Maji Maji vilipofika Masasi mwaka 1905, misheni ilichomwa moto na wamisionari wakakimbilia pwani. Wakuu wa Kiyao wa eneo hilo walibaki upande wa Wajerumani, na sehemu kubwa ya uwanda wenyewe haikuingia vitani. Hata hivyo njaa iliyofuata haikuuliza nani aliinuka na nani hakuinuka.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika Newala pia. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Mahiwa, katika bonde la Lukuledi, kwa siku nne za kuuana. Paul von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma akipitia uwandani mwezi Novemba. Mahali pasipo na maji ya kuwatosha wakazi wake hapakuweza kunywesha askari na wapagazi kwa maelfu. Aliacha nyuma wagonjwa na waliochoka, akachukua wenye nguvu, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma karibu na Ngomano. Siku tatu baadaye kikosi kingine cha Kijerumani, kilichokuwa kikitoka Mahenge chini ya Kapteni Theodor Tafel kutafuta kuungana naye, kilijisalimisha kwa kukosa chakula. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo hawakuandikiwa majina. Nyuma yao ilibaki njaa, na baada ya njaa homa ya mafua ya mwaka 1918.

Waingereza waliifanya Newala makao ya wilaya, kisha wakakutana na swali ambalo sera yao haikulitarajia. Utawala wa kupitia wenyeji, uliotangazwa Tanganyika katikati ya miaka ya 1920, ulihitaji machifu, na Wamakonde hawakuwa nao. Wakulungwa walipewa mamlaka ya kiserikali, lakini walikuwa wengi mno na kila mmoja alikubalika kwenye chirambo chake tu. Mwishowe serikali ilirudi kuwategemea maliwali, mtindo iliourithi kutoka pwani. Mkulungwa akabaki na ardhi na matambiko, liwali akawa na kodi na mahakama.

Kodi iliendelea kuwatoa vijana vijijini. Wengi walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Lindi, Mikindani na hata Tanga, wakawa manamba, jina lililotokana na namba ya kipande cha kazi. Wakati huohuo kutoka ng'ambo ya Ruvuma walivuka Wamakonde wa Msumbiji, ambao wenyeji waliwaita Wamawia, wakikimbia kazi ya lazima ya Wareno. Hao walikuja na ustadi wa uchongaji wa mpingo ambao baadaye ulilipeleka jina la Makonde kwenye maduka ya sanaa ya dunia nzima. Mtalii anayenunua kinyago Mwenge, Dar es Salaam, kwa kawaida ananunua kazi ya mikono iliyoanzia ng'ambo hiyo, ingawa jina ni lilelile la Newala.

Upande wa dini na mila, Masasi ilijulikana mbali kwa jaribio moja. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926, alikuwa tangu mapema amekataa kupiga marufuku jando. Aliona kwamba mvulana asiyepita jandoni angebaki mtoto mbele ya jamii yake hata akijua kusoma Biblia yote. Kanisa likaanza kuendesha jando lake, likiwa na ngariba, kambi na mafunzo, na sala zikachukua nafasi ya sehemu ya matambiko. Kwa unyago wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana siri zake zilishikwa na makungwi ambao hawakuwa na sababu ya kumfungulia askofu mlango. Huku hayo yakiendelea, Uislamu ulikuwa unapanda kutoka pwani bila askofu wala bajeti, ukibebwa na walimu wa chuo, wafanyabiashara na manamba waliorejea. Ulipata wafuasi wengi zaidi uwandani.

Katika miaka hiyo ya Waingereza mti uliobadilisha kila kitu ulikuwa ukikua polepole. Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, na kwa miaka mia tatu na zaidi ulikuwa mti wa kivuli na wa matunda ya watoto. Biashara ya korosho ghafi kwenda India, kwenye viwanda vya kubangulia vya Kerala, ndiyo iliyoupa bei, na Tanganyika iliingia kwa nguvu katika biashara hiyo kuanzia miaka ya 1930 na 1940. Udongo wa mchanga ambao ulimnyima Mmakonde mto ulikuwa ndio hasa mkorosho unaoupenda: mzizi wake huzama chini kufuata unyevu ambao mtungi hauufikii.

Namna ulivyoenea inaeleza mengi. Mkulima alifyeka kichaka kama kawaida, akapanda muhogo na mahindi, na katikati yake akafukia mbegu za korosho. Kwa misimu mitatu au minne alivuna chakula. Matawi yalipokutana na kivuli kikafunika shamba, hakuliacha lirudie kichaka kama babu yake alivyofanya. Lilikuwa sasa shamba la korosho, nalo lingezaa kwa miaka thelathini au zaidi. Akaenda kufyeka kipande kingine. Kwa mwendo huo, bila amri ya bwana shamba, kichaka kilichokuwa ngome ya uwanda kiligeuka kuwa msitu wa mikorosho katika kizazi kimoja au viwili. Ardhi ya chirambo ilikuwa ya wote waliokubaliwa na mkulungwa, lakini mti ulikuwa na mwenyewe. Na kwa kuwa mti hudumu kuliko shamba la mtama, swali la nani ataurithi likawa zito. Kwa desturi ya ukoo wa mama, mali ya mwanamume huenda kwa mpwa wake. Baba aliyepanda mikorosho pamoja na wanawe alianza kutaka iwe yao. Mabaraza ya uwandani yamesikiliza kesi za namna hiyo tangu wakati huo.

Mkorosho uliweka pia kalenda mpya. Maua hutoka katika miezi ya baridi kuanzia Juni, na korosho huanguka kuanzia Oktoba hadi Januari. Familia nzima huokota, hutenganisha korosho na bibo, huanika juani. Mabibo hayasafiri, huoza kwa siku moja au mbili, kwa hiyo hukamuliwa na kuwa uraka, na uraka ukipikwa huwa nipa, pombe kali ambayo serikali imeipiga marufuku na imeshindwa. Fedha huja mara moja kwa mwaka. Deni la dukani, ada ya shule, mahari na posho ya fundi wa nyumba, vyote hungoja msimu.

Na fedha hiyo ilinunua bati. Hapa ndipo historia ya korosho inapokutana na ile ya maji. Paa la nyasi halikusanyi maji vizuri. Yakikusanywa huwa machafu yenye rangi ya chai. Paa la bati lenye eneo la mita za mraba 50, chini ya mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 50,000. Hata baada ya kuhesabu yanayomwagika, kilichobaki hakiko mbali na ndoo sita kwa siku kwa mwaka mzima, mradi pawepo mahali pa kuyahifadhi. Wenye uwezo walichimba visima vya kuhifadhia maji uani, wakavisakafia kwa saruji, wakafunga mifereji kwenye paa. Kisima cha Newala kwa hiyo mara nyingi si shimo la kufuata maji chini, ni shimo la kuyatunza yaliyotoka juu. Mgeni anayeona nyumba ya udongo yenye bati jipya hudhani ni fahari. Mwenye nyumba anahesabu ndoo.

Serikali ya kikoloni nayo iliingia katika suala la maji, ikichelewa. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni hadi uwandani kwa pampu na mabomba, chini ya shirika la maji la Makonde, na maji yakauzwa vibandani kwa debe. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa Newala aliweza kupata maji bila kushuka genge, ikiwa alikuwa na senti. Ikumbukwe kwamba mradi mwingine mkubwa kuliko huo ulikuwa umekwisha kushindwa jirani: mpango wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa baada ya miaka michache, ukiacha bandari ya Mtwara na reli ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga za wataalamu zilikufa huku korosho za wakulima, ambazo hakuna aliyezipangia bajeti, zikistawi uwandani.

Uhuru uliikuta Newala mpakani mwa vita. Baada ya mauaji ya Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, ya Juni 1960, na hasa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilipoanza mapigano mwaka 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma kwa maelfu, na vijiji vya kando ya mto vikawa katika hatari ya mizinga na mabomu ya Wareno. Kwa sababu za usalama, watu wa mpakani walianza kukusanywa katika vijiji mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, na Mtwara ikawa miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika vijiji vya ujamaa. Operesheni za kati ya 1973 na 1975 zilikamilisha kazi hiyo. Mistari ya nyumba ilipangwa kando ya barabara, penye shule, zahanati na, ilipowezekana, bomba. Vijiji vingi vya uwandani, kwa sura viliyo nayo leo, vilipimwa katika miaka hiyo.

Kupanga watu kwa kalamu hakukuwa jambo la Tanzania peke yake. Huko Durham, kaskazini mwa Uingereza, mpango wa mwaka 1951 uliviweka vijiji zaidi ya mia moja vya wachimba makaa ya mawe katika daraja la mwisho, daraja la vijiji visivyostahili kuwekezewa tena, kwa kuwa migodi yake ilikuwa inafungwa. Wakazi wake walipinga kwa miaka mingi na vingi vikabaki. Tofauti ni kwamba kule mgodi ulikwisha ndipo watu wakaambiwa wahame. Newala watu walihamishwa mti ukiwa unazaa.

Na mti hauhami. Mwenye mikorosho saa mbili au tatu kwa miguu kutoka kijiji kipya hakuweza kuipalilia wala kuilinda na moto wa porini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi, na ilikuwa nyuma ya Msumbiji tu kati ya nchi za Afrika. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Kuhamishwa kulikuwa sababu moja. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mkulima akabaki na mnunuzi mmoja wa serikali, bei ndogo na malipo ya kuchelewa. Kisha mwaka 1979 ukaonekana ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga katika miezi ya baridi na umande. Maua yakikauka hakuna korosho. Viwanda 12 vya kubangua vilivyojengwa nchini kwa mikopo ya kigeni, vikiwemo vya Newala na Masasi, vilikamilika wakati korosho za kuvilisha hazipo tena. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa nchi iliyojenga viwanda vyake wakati uleule mavuno yalipokuwa yakikauka.

Maji yalifuata mkondo huohuo. Ada ya debe ilifutwa baada ya uhuru, na mwaka 1971 serikali iliahidi maji safi karibu na kila nyumba ya kijijini ndani ya miaka 20. Ufini ilifadhili mpango mkubwa wa maji wa Mtwara na Lindi kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mabomba yaliongezwa na visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, vikawa tegemeo la mfumo wa uwandani. Lakini kupandisha maji mamia ya mita ni kazi ya dizeli au umeme, na mashine isiyo na mafuta ni chuma. Bomba likikatika wiki tatu, wanawake walirudi kwenye njia za bibi zao.

Korosho ilifufuka kwanza. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara mjini, walithibitisha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati huzuia ubwiriunga, na wakatoa miche bora. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima walirudi mashambani. Kazi ya kupuliza salfa alfajiri, mashine mgongoni na kitambaa puani, ikawa ajira ya vijana. Wanunuzi binafsi nao walileta lao. Mwenye njaa mwezi wa Februari aliuza korosho zake kabla mti haujatoa ua, kwa kipimo cha bakuli na bei ya kutupa, biashara inayoitwa kangomba. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, ambapo vyama vya msingi hukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, ulikusudiwa kuivunja. Umeipunguza nguvu, haujaiua.

Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, rekodi ya wakati huo, na bei mnadani ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata bei ilianguka. Wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300, akatuma jeshi kuzisomba. Malipo yalichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Madukani Newala na Tandahimba, wilaya iliyomegwa kutoka Newala mwaka 1995, daftari za madeni zilijaa, na nyumba nyingi zilizokuwa zimefika usawa wa lenta zilisubiri bati mwaka mwingine.

Mwaka 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India, na mfumo wa Makonde umo katika orodha hiyo. Maji yake yalipangwa kutoka bondeni kama yale ya miaka ya 1950, na kupandishwa kwa pampu. Huko Mnyambe na vijiji vya jirani, dumu la lita 20 bado lina bei, na bei hiyo hupanda kuanzia Agosti, visima vya uani vinapoanza kuonyesha sakafu, hadi mvua ya kwanza inapopiga bati.